Korasi au dityuni, feiza au flenja, pichi shifta au hamonaiza: kuchagua na kuseti kwenye prosesa ya gitaa

"Kaka, solo yangu inasikika kama imelowa maji."

Ujumbe huo alinitumia kijana mmoja anayepiga solo kwenye bendi ya harusi, ukifuatana na kipande cha video cha sekunde 40. Alikuwa anasema kweli. Vidole vyake safi, gitaa limetyuniwa vizuri, lakini kila nota ya sebene ilikuwa inaogelea. Nikamwomba anipigie picha skrini ya prosesa yake, ile mashine inayobeba efekti zote za gitaa. Korasi: Rate (mwendo wa kuyumba) 60, Depth (kina cha kuyumba) 80, Mix (kiasi cha efekti kwenye sauti) 70. Pachi, yaani mpangilio uliohifadhiwa kwenye mashine, ilikuja hivyo kutoka kiwandani, akaipenda siku ya kwanza akiwa chumbani na hedifoni, na tangu siku hiyo hajaigusa.

Pachi za kiwandani hutengenezwa kwa ajili ya mtu aliye dukani. Anapiga kodi moja, anaiacha ilie, anasikia bahari na mbingu, anatoa pesa. Ukumbini kuna ngoma, besi, kinanda, gitaa la pili na waimbaji watatu, na ile bahari inageuka tope.

Prosesa nyingi huzigawa efekti hizi mafungu mawili, modulesheni (za kuyumbisha sauti) huku na pichi (za kupandisha au kushusha nota) kule, na watu huchagua kwa kufuata jina. Mimi hujiuliza mambo mawili. Kinachoyumba ni nini: muda, ukubwa wa sauti, au pichi yenyewe? Na kinayumba kwa saa ya nani, ya mpigaji au ya mashine? Hilo la pili ndilo linaloharibu solo nyingi. Korasi, flenja, feiza, tremolo na vibrato zote zina wimbi la polepole ndani yake, linapanda na kushuka bila kujali wewe unapiga nini. Nota hii imelikuta liko juu, inayofuata imelikuta limeshashuka. Kwenye kodi inayolia sekunde nne, hilo ni pambo. Kwenye sebene, nota nane zinapita kabla wimbi halijamaliza mzunguko mmoja, basi kila nota inatoka na tyuni yake.

Korasi na dityuni

Hapa ndipo penye utata mkubwa, kwa sababu zote mbili zinaahidi kitu kilekile: gitaa moja lisikike kama mawili.

Korasi huchukua sauti yako, ikaichelewesha kidogo, kama milisekunde 15 hadi 30, halafu ikawa inaurefusha na kuufupisha ucheleweshaji huo. Unapofupika, pichi inapanda; unaporefuka, pichi inashuka. Ni jambo lilelile la honi ya basi la mkoani: likija sauti iko juu, likishakupita sauti inashuka. Nakala hiyo inayoyumba ikichanganywa na sauti kavu, ile isiyo na efekti, sikio linahesabu magitaa mawili. Roland walipotoa amplifaya ya JC-120 mwaka 1975 walifanya jambo la akili sana: spika moja ilitoa sauti kavu, ya pili ikatoa sauti inayoyumba, na mchanganyiko ukafanyika hewani, mbele ya msikilizaji. Mwaka uliofuata korasi hiyo ikawekwa kwenye pedali, Boss CE-1. Korasi nyingi zilizomo kwenye prosesa za leo ni wajukuu wa mashine hizo mbili.

Dityuni haina wimbi. Inatengeneza nakala, inaisogeza pichi yake kidogo, na kuiacha palepale. Kipimo chake ni senti, na hizi si za mfukoni: freti moja, yaani nusu toni, ni senti 100. Ukiseti senti 10 juu, nakala inakaa senti 10 juu tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Sasa tazama zinavyotofautiana ukipiga. Nota A kwenye freti ya tano ya uzi wa kwanza ni 440 Hz, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Ichanganye na nakala iliyo senti 10 juu, utasikia sauti ikipigapiga kama mara mbili na nusu kwa sekunde. Piga A ya uzi wa tano ukiwa wazi, 110 Hz, na mpigo mmoja unachukua zaidi ya sekunde moja na nusu. Maana yake nyuzi nene zinatulia na nyembamba zinameta, na mmeto unafuata nota uliyoipiga. Korasi haijui nota. Inayumba kwa mwendo uleule uwe juu au chini ya shingo ya gitaa. Ndiyo maana dityuni inafanana zaidi na magitaa mawili halisi. Wapenzi wa rumba wataikumbuka mi-composé: wapiga gitaa wa Kongo waliutoa uzi wa nne, wakaweka mwembamba uliotyuniwa oktava moja juu, gitaa likang'aa bila waya wala betri. Dityuni haikupi mlio huohuo, lakini inakaa upande uleule wa ukoo, upande wa mng'ao usioyumba.

Korasi ina mtego ambao vitabu vya maelekezo huupita kimya. Watu hudhani Rate ni mwendo tu na Depth ndiyo inayopotosha tyuni. Kwenye korasi nyingi, nobu hizi mbili zinazidishana. Tuseme ucheleweshaji unayumba milisekunde 2 kila upande. Wimbi likienda 0.8 Hz, pichi inapotoka kama senti 17 juu na chini, kiasi kinachovumilika. Usiguse Depth, pandisha Rate peke yake hadi 3 Hz, na upotovu unafika senti 64, zaidi ya nusu freti. Hakuna sikio litakalokusamehe hapo. Kwa hiyo ukiongeza Rate, punguza Depth papo hapo, kama mtu anayefungua bomba la moto huku akifunga la baridi. Rate 60 na Depth 80 za yule kijana zilikuwa mabomba yote mawili yamefunguliwa mpaka mwisho.

Kuseti kwangu kwa korasi ni hivi. Mzunguko mmoja wa wimbi uchukue karibu sekunde mbili. Unaweza kuuhesabu kwa mdomo huku kodi ikilia. Depth naianzia sifuri, napandisha mpaka niisikie, kisha narudisha nyuma kidogo. Mix haipiti 40 kati ya 100. Kama mashine ina sehemu ya kupunguza besi kwenye sauti ya korasi, naitumia bila huruma, kwa sababu nyuzi nene zikiyumba zinagombana na gitaa la besi.

Kwa dityuni, senti 6 hadi 10, Mix 30 hadi 40. Ukipita senti 15 hakuna tena unene, kuna gitaa ambalo halijatyuniwa. Na kama gitaa lako lenyewe limeshuka, dityuni itakuumbua mara mbili. Kasoro yake nyingine ni kwamba kwenye mashine za bei ya chini nakala huwa na mtetemo fulani ukipiga kodi ya nyuzi zote sita, kama sauti ya simu mtandao ukiwa dhaifu. Kwa nota mojamoja au mbilimbili huwezi kuisikia.

Basi uamuzi wangu: solo ya sebene na nyimbo zote za haraka, dityuni. Kodi za kupasuapasua taratibu, zouk, nyimbo za kuabudu zenye nafasi kubwa kati ya kodi na kodi, korasi. Ukitaka zote mbili kwa pamoja, fikiria tena.

Flenja na feiza

Ukizisikia kwa mbali zinafanana, zote zinafagia sauti kama upepo. Ndani ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuamulia.

Flenja ni korasi iliyofupishwa: ucheleweshaji wa milisekunde 1 hadi 10 hivi, na sehemu ya sauti inarudishwa kuingia tena mlangoni. Asili yake ni studio, mashine mbili za tepu zinazocheza kitu kimoja, fundi akigusa kwa kidole ukingo wa gurudumu la mojawapo ili ichelewe. Nakala ikichelewa milisekunde 1, sauti za 500 Hz, 1,500 Hz, 2,500 Hz na kuendelea hufutana. Ikichelewa milisekunde 5, matundu yanaanzia 100 Hz, kisha 300, 500, yamepangana kama meno ya kitana. Kitana hicho kinasogea juu na chini, na ndiyo ile sauti ya ndege inayopaa.

Feiza haitegemei kuchelewesha nakala nzima. Inapitisha sauti kwenye vichujio vinavyogeuza mawimbi, kisha inachanganya na sauti kavu. MXR Phase 90 ya mwaka 1974, ambayo karibu kila prosesa ina nakala yake, ina hatua nne za vichujio na matokeo yake ni matundu mawili tu. Kitana chenye meno mengi upande mmoja, matundu mawili upande wa pili: ndiyo sababu flenja inasikika kama chuma, feiza kama pumzi.

Kwa kazi za ukumbini sina shaka hapa. Feiza. Inayumbisha rangi ya sauti na kuiacha tyuni ya nota, kwa hiyo haimchanganyi mwimbaji. Kwa ridhim ya kukatakata kwenye nyuzi tatu za chini, seti mwendo wa polepole sana, mzunguko mmoja kwa sekunde tatu au nne, na hautasikika kama efekti. Watu watasema tu kwamba ridhim leo "inatembea". Mashine nyingi zina pia ndugu yake, Uni-Vibe, ile ambayo mpiga gitaa Jimi Hendrix aliitumia kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969. Ina mwendo wa kuchechemea kidogo, unapendeza kwenye blues, na kwenye rumba sijawahi kuupatia mahali.

Flenja naiweka kwa ajili ya vipande viwili vitatu kwa usiku, mwanzo wa wimbo au pale ngoma zinaponyamaza. Nobu ya kuogopa ni Feedback, ambayo mashine nyingine huiandika Resonance. Ikipita 60, kitana kinaanza kupiga mluzi wenye pichi yake, na mluzi huo hauko kwenye ki (nota ya nyumbani) ya wimbo wenu. Changanya na distoshini (efekti ya kungurumisha gitaa) na monita iliyo karibu na miguu yako, utapata yowe ambalo fundi mitambo atalisingizia maikrofoni. Ukitaka kuijua flenja yako vizuri, teremsha Rate hadi mwisho, kisha zungusha nobu ya Manual kwa mkono huku ukipiga kodi. Utasikia meno ya kitana yakipita moja baada ya jingine, na utajua pa kuliacha.

Tremolo na vibrato, kwa kifupi

Tremolo inapandisha na kushusha ukubwa wa sauti. Vibrato inapandisha na kushusha pichi. Kama umekuwa ukiyachanganya majina haya, mlaumu Fender: mkono wa Stratocaster ya mwaka 1954 waliuita tremolo ingawa unabadilisha pichi, na kwenye amplifaya zao wakaandika vibrato mahali panapobadilika ukubwa wa sauti tu. Prosesa nyingi zimesahihisha, lakini pachi zinazoiga amplifaya za zamani huendeleza kosa hilo.

Katika fungu lote la modulesheni, tremolo ndiyo rahisi kuilazimisha ifuate saa ya bendi. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika ni mapigo 2 kwa sekunde, kwa hiyo Rate ya 2 Hz inakwenda na kila pigo, na 4 Hz inagawa pigo mara mbili. Kama mashine ina swichi ya kugonga mwendo kwa mguu, gonga mara nne na mpiga ngoma, imekwisha. Isipofuata mwendo, izime kabisa. Tremolo iliyopishana na haihati ni adhabu kwa wachezaji.

Vibrato ni korasi iliyoondolewa sauti kavu. Unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa kupeleka Mix ya korasi hadi 100, kama mashine yako inaruhusu. Nzuri kwa nota moja ndefu. Vidole vyako vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na vinafuata saa yako.

Oktava, pichi shifta na hamonaiza

Sasa tuko upande ambao hakuna wimbi. Mashine inatengeneza nota nyingine kando ya ile uliyoipiga, na swali linabadilika: nani anaamua nota hiyo iwe ipi?

Oktava haikosei nota kamwe, kwa kuwa oktava ya G ni G. Kuna aina mbili. Ile ya kizamani, mtindo wa Boss OC-2 ya mwaka 1982, inafuata nota moja tu. Ukipiga mbili inababaika na kutoa sauti kama ya mtu anayesukutua. Ile ya kidijitali inakubali kodi nzima, ila huchelewa kidogo. Kuchelewa huko si uzembe wa kiwanda. Uzi wa sita ukiwa wazi ni 82 Hz, wimbi lake moja linachukua milisekunde 12, na mashine lazima ione walau wimbi zima kabla ya kujua umepiga nini. Ndiyo maana oktava inafuata vizuri zaidi ukipanda kwenye freti ya saba na kuendelea, ukitumia pikapu ya karibu na shingo, na nobu ya toni ya gitaa ikiwa imepunguzwa. Jambo moja la adabu: oktava ya chini ya uzi wa sita ni 41 Hz, ambayo ndiyo E ya chini kabisa ya gitaa la besi. Mpiga besi atakutazama.

Pichi shifta na hamonaiza ndizo zinazochanganywa zaidi, na kosa lake linasikika hadi nje ya ukumbi. Kwenye mashine za Boss hamonaiza huandikwa Harmonist. Kwenye Zoom itafute kwa herufi HPS. Pichi shifta inaongeza idadi ileile ya nusu toni kwa kila nota. Hamonaiza inaangalia ki uliyoiseti, kisha inachagua nota iliyomo kwenye skeli, yaani nota saba za ki hiyo.

Chukua ki ya G na utake sauti ya tatu juu, ile inayopigwa na gitaa la pili kwenye rumba. Ukipiga G, unataka B, nusu toni 4 juu. Ukipiga A, unataka C, ambayo ni nusu toni 3 tu. B inataka D, nusu toni 3. C na D zinataka 4, E na F# zinataka 3. Ukiseti pichi shifta kwenye +4, inapatia G, C na D, inakosea A, B, E na F#. Nota nne kati ya saba ni mbovu. Ukiiseti +3, inakosea tatu, na mojawapo ni G yenyewe, nyumbani kwa wimbo. Hakuna namba itakayokuokoa. Sauti ya tatu ni kazi ya hamonaiza, au ya binadamu.

Pichi shifta ina mahali pake. Ukiseti +7, inapatia nota sita kati ya saba za skeli na kukosea F# peke yake. +5 nayo inapatia sita, inakosea C. Ila sauti hizo hazina utamu wa tatu, zina ukali wa rock, na kwenye wimbo wa mapenzi zinasikika kama mtu amevaa buti kwenye zulia. Kazi yake ninayoipenda ni ya kichinichini: Mix 100, nusu toni moja chini, pale mwimbaji ameamka na koo bovu na nyimbo zote mmezifanyia mazoezi kwa nyuzi zilizo wazi. Unapiga maumbo yaleyale, sauti inatoka nusu toni chini. Usizidi mbili; kuanzia hapo gitaa linaanza kusikika kama la plastiki. Na usijaribu bila kusikia amplifaya vizuri, kwa sababu nyuzi zenyewe bado unazisikia kwa juu na zitakuvuruga.

Hamonaiza imewahi kunitoa jasho. Tulikuwa harusini, wimbo wa G, nimeiseti tatu juu, ki ya G, sebene mbili za kwanza watu wananitafuta kwa macho kujua gitaa la pili liko wapi. Wimbo wa tatu mwimbaji akanigeukia na kuinua kidole gumba: nusu toni juu. Mimi nikapandisha vidole freti moja, mashine ikabaki G. Nota zote za Ab isipokuwa mbili haziko kwenye skeli ya G, kwa hiyo ilikuwa inabuni. Bibi mmoja meza ya mbele aliweka uma chini. Nilipata swichi baada ya nota kumi hivi, na nota kumi ni nyingi.

Tangu siku hiyo hamonaiza haikai wazi. Nina pachi tatu zinazofanana kila kitu, tofauti yake ni ki tu, na jina la pachi ni herufi ya ki: G, AB, C. Swichi ya kuzima iko chini ya mguu wa kulia. Mix 35, ili sauti ya mashine ikae nyuma ya yangu kama alto nyuma ya soprano. Sivuti uzi nikiwa nimeiwasha, kwa sababu ukivuta kutoka A kwenda B sauti ya pili haitelezi pamoja nawe, inaruka ngazi. Wimbo wenye kodi za kupita zinazotoka nje ya skeli, siiwashi kabisa.

Na kama bendi ina second solo, mpigaji wa gitaa la pili, mwache apige yeye ile tatu. Anajua ki imebadilika kabla yako.

Pedali ya kukanyaga inayotelezesha pichi, mtindo wa DigiTech Whammy, ni burudani. Kwenye harusi nimeihitaji mara sifuri.

Ipi mbele, ipi nyuma

Oktava na pichi shifta zikae mwanzoni, baada ya kompresa (inayosawazisha nguvu za nota), mahali ambapo sauti bado ni safi na mashine inaona wimbi lisilochafuka. Kompresa mbele yake inasaidia, kwani nota dhaifu hufuatwa vibaya. Hamonaiza ni ya kujadili. Ikiwa mbele ya distoshini, nota zako mbili zinaingia pamoja, zinasagana, zinatoka zikinguruma. Ikiwa nyuma yake, unapata magitaa mawili yaliyo wazi, ila mashine hafifu inapata shida kutambua nota. Kwa sauti safi ya rumba suala hili halipo, iweke popote kabla ya dilei, efekti ya kurudia nota kama mwangwi.

Korasi, flenja na tremolo zikae baada ya distoshini na kabla ya dilei na riveb (mlio wa ukumbi mkubwa). Feiza inaweza kwenda mbele ya distoshini. Mpiga gitaa wa rock Eddie Van Halen aliiweka Phase 90 yake mbele ya amplifaya, na feiza ikienda hivyo inasikika nene na laini zaidi. Jaribu pande zote mbili, ni suala la kusogeza kisanduku kwenye skrini.

Baada ya hapo kuna miksa. Korasi nyingi za stereo hutoa sauti inayoyumba upande wa kushoto na iliyopinduliwa upande wa kulia. Fundi mitambo akichukua waya zote mbili na kuziweka katikati, pande hizo zinafutana, na korasi yako inatoweka huku taa yake ikiwaka. Utaongeza Mix, utaongeza Depth, utashangaa. Kama ukumbi ni wa mono, yaani spika zote zinatoa sauti ileile, na nyingi ni za mono, toa waya mmoja tu kwenye tundu lililoandikwa L/Mono na useti korasi ukiwa umechomeka hivyohivyo tangu nyumbani. Hedifoni zitakudanganya, kwa kuwa zenyewe ni stereo.

La mwisho kabla ya kuhifadhi pachi: washa na uzime efekti huku ukipiga kitu kilekile, na usikilize kama sauti inakuwa kubwa. Ikiwa kubwa, shusha Level ya efekti hadi zilingane, ndipo uamue kama unaipenda. Efekti nyingi zinazosifiwa zinapendwa kwa sababu zimeongeza sauti tu.

Yule kijana wa bendi ya harusi alibadilisha usiku uleule: korasi ikatoka kwenye pachi ya sebene, ikaingia dityuni, senti 7, Mix 35. Korasi akaibakiza kwenye pachi ya taratibu, Rate imeshuka hadi 15. Video ya pili ilikuwa na sekunde 20 tu, na nota zote zilikuwa kavu, kila moja mahali pake. Chini yake akaandika: "Kaka, na hamonaiza je?" Nikamwambia kwanza anitumie orodha ya nyimbo zao, kila wimbo na ki yake, na aandike pembeni ni ipi ambayo mwimbaji ana tabia ya kuipandisha.